Binti Niliyesema Nimemwona

Siku korongo wa kwanza walipopita wakilia

Mimi, Lamponi mwana wa Eurito, wa kijiji cha Ereneo juu ya Eleusi, ndiye mtu pekee katika Atika yote ambaye miungu inamjua kwa jina na kumwomba ushauri. Wafalme wapo, sikatai. Lakini mfalme akipiga chafya, nani anajali huko Olimpo? Nikipiga chafya mimi, Zeu anageuka na kuuliza, "Lamponi ana nini leo?" Mtu mkubwa huwekewa kumbukumbu. Kwa kuwa hakuna aliyejitolea kuniwekea, najiwekea mwenyewe.

Herufi nilifundishwa na baharia Mfoinike aliyekwama kwetu msimu mmoja wa baridi. Bahari ikatulia akaondoka kabla hatujazimaliza. Zile nisizozijua naziruka. Naandika juu ya vigae vya mitungi, na katika nyumba ya dada yangu Mirto vigae havikosekani, kwa sababu mitungi mingi naivunja mimi.

Korongo wakipita, maana yake kulima kumefika. Shemeji yangu Deksio, mume wa Mirto, ameshinda akikagua kwato za ng'ombe. Mara mbili alinitazama kwa jicho la kuuliza, na wewe je? Nikamkumbusha kwamba mgongo wangu haujakaa sawa tangu nilipoinua gari la Poseidoni kutoka matopeni.

"Poseidoni ni mungu wa bahari," alisema Deksio. "Matopeni alifuata nini?"

Mtu wa namna hiyo huwezi kumweleza kitu.

Kesho yake

Mvua. Nimelala.

Siku ya upepo wa kaskazini

Baridi ikianza, wanaume wa Ereneo hujazana kwa Hipaso mhunzi, maana moto wake unatutosha wote. Huko ndiko habari hupikwa. Ya leo ilikuwa mbichi na mbaya. Demetra, mama wa nafaka, yule anayeitoa shayiri ardhini, amepotelewa na binti yake. Msichana alikuwa anachuma maua na wenzake mwanzoni mwa vuli, kufumba na kufumbua, hayupo. Mama ameshuka kutoka Olimpo. Anazunguka nchi akiwa na sura ya binadamu, haogi, hali, anauliza watu. Hakuna aliyeona.

"Na asipompata?" aliuliza mmoja.

"Asipompata, nani ataotesha shayiri?" Hipaso alisema, akageuza chuma motoni. "Tutatafuna majembe haya."

Kimya kikaingia. Mimi na kimya hatukai nyumba moja. Watu wote walikuwa wanatazama moto, hakuna aliyekuwa ananitazama mimi, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mimi nilimwona."

Hipaso hakuinua hata kichwa. "Kama ulivyomwona Poseidoni."

"Poseidoni ni habari nyingine. Huyu nilimwona kwa macho haya. Gari jeusi, farasi wanne weupe, linakwenda upande wa Megara, njia ya majabali. Msichana yuko ndani, kavaa shada la maua."

"Analia?"

Hapo ikabidi nifikiri haraka. Hadithi ya msichana anayelia kila mtu ameshaisikia.

"Anacheka," nikasema. "Kichwa kakirudisha nyuma, anacheka kama bibi harusi."

Wakashusha pumzi wote kwa pamoja. Mtu akanimiminia divai. Hata Hipaso aliweka nyundo chini, na Hipaso haweki nyundo chini hata kwa mazishi.

Siku iliyofuata

Divai tena. Farasi sasa ni sita.

Melita, binti wa Mirto, ambaye ameshafika umri wa kuposwa, alinikalisha jikoni akataka nimhadithie tangu mwanzo. Alisikiliza huku ameshika kisu na kitunguu, hakati.

"Kwa hiyo hajaumizwa, mjomba?"

"Hata ukucha."

"Na mama yake? Unamjua Demetra, yukoje?"

"Mrefu kama mvinje. Nywele rangi ya ngano, hadi kiunoni. Tumekula karamu meza moja."

Akanibusu mkono. Katika nyumba hii hakuna aliyewahi kunibusu mkono. Nilitoka nje kidogo, nikazunguka zizi la mbuzi, nikarudi.

Siku nyota za Kilimia zilipozama alfajiri

Tumelima. Deksio aliweka mkono kwenye mpini wa plau, akawaomba Zeu wa chini ya ardhi na Demetra mashuke yawe mazito, kama baba yake alivyoomba na babu yake. Mimi nilitupa mbegu, Melita akaja nyuma na jembe dogo kuzifukia ndege wasizipate.

"Shemeji," alisema Deksio, "unatupa mbegu kama unafukuza kuku."

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nasikia raha Demetra akitajwa shambani. Leo alipotajwa nilitazama miguu yangu.

Siku ya manyunyu

Sina la kuandika.

Siku mwezi ulipokuwa mpevu

Jioni, mkate ukiwa bado motoni, mwanamke mzee alisimama kizingitini. Joho jeusi, kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi, vumbi hadi magotini. Hakuwa mrefu. Nywele sikuziona.

Mirto alifanya kama inavyofanywa. Alimkalisha karibu na moto, akaleta beseni, akaanza kumwosha miguu mwenyewe. Kwetu mgeni huoshwa, hulishwa, ndipo huulizwa jina lake na shida yake. Hata mtoto anajua. Zeu ndiye mlinzi wa wageni na yeye halali.

Mgeni akasema, kabla ya yote, "Nimeambiwa hapa kuna mtu aliyemwona msichana. Na mimi nina binti aliyepotea."

"Utakula kwanza, mama," alisema Mirto. "Habari haiozi. Ngoja nikuletee maji ya shayiri na mnanaa." Akaacha mguu mmoja umeoshwa, akaenda ghalani kuchota unga.

Kama ningengoja! Kibuyu cha unga kiko pale pale mlangoni mwa ghala, Mirto asingechukua muda. Lakini mtu alikuwa ametembea njia nzima kuja kunisikiliza mimi, Lamponi, kwa jina. Nilikuwa nimeshasimama.

Nikamwambia gari. Nikamwambia farasi. Nikamwambia shada la maua, nikaongeza kwamba ua moja lilidondoka nikaliokota.

"Gari lilielekea wapi?"

"Megara. Njia ya majabali."

"Alikuwa analia?"

"Hata kidogo, mama. Alikuwa anacheka."

Akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa na moshi miezi.

"Akicheka vipi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikamwonyesha. Nilirudisha kichwa nyuma, nikafanya sauti nyembamba, nikacheka kama msichana, hapo, mbele ya uso wake.

Aliinuka. Alivaa viatu, mguu mmoja umelowa na mwingine una vumbi, akatoka. Mirto alirudi na bakuli mikononi, akakuta kigoda kitupu.

"Yuko wapi?"

"Amekwenda Megara," nikasema, kwa furaha kabisa. "Nimemsaidia."

Kesho yake

Dada yangu hajawahi kunipigia kelele mbele ya mumewe. Leo alipiga.

"Umemtoa mgeni kwenye nyumba yangu na njaa yake!"

"Sikumtoa. Ametoka mwenyewe."

"Jina lake nani?"

"Hakusema."

"Hakusema, au hukungoja? Mwanamke mzima, giza linaingia, mguu umelowa, na hatujui hata ni wa mji gani! Tungejua jina tungejua tunasema na nani." Halafu akashusha sauti, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. "Lamponi. Tumezaliwa tumbo moja. Hilo gari, uliliona?"

"Nililiona."

"Apa kwa moto wa nyumba hii."

Moshi ukanipalia, nikatoka kukohoa. Nilikohoa hadi adhuhuri.

Bakuli la maji ya shayiri limefunikwa pale pale jikoni. Mirto hataki mtu alinywe.

Siku ya barafu kwenye mtungi

Deksio amefukua mstari mmoja kwa kidole. Mbegu iko kama tulivyoitupa. Haijavimba, haijapasuka. Akaifukia tena taratibu, kama anamfunika mtu.

Siku inayofuata, na ile nyingine

Sikwenda kwa Hipaso. Nina mafua.

Siku ya mwezi mpya

Mashamba yote ni hivyo hivyo, yetu na ya jirani, hadi chini Eleusi. Udongo una maji, mbegu zimo, hakuna kitu. Watu wamekwisha elewa. Mama hajampata mtoto wake, na asipompata hatutakula.

Wanasema nami kwa heshima mpya. Mzee mmoja alinishika bega njiani: "Angalau wewe umemwelekeza." Hajui kuwa sikumwelekeza Demetra, nilimwelekeza bibi mmoja tu asiye na jina. Nilimwacha aamini hivyo.

Bibi yule sijui kafika wapi. Njia ya majabali wakati huu wa mwaka ni utelezi.

Siku ya upepo wa baharini

Lazima niandike hili lote, na herufi nisizozijua leo nitazichora.

Melita ndiye aliyemwona kwanza. Alikuwa anateka maji, akaacha mtungi, akaja mbio. "Mama! Yule bibi! Yule bibi anarudi, hawezi kutembea!"

Nilitaka kutokea mlango wa mbuzi. Deksio alikuwa amekaa pale anatengeneza nira ya ng'ombe. Hakunizuia. Hakusogea pia.

Wakamwingiza wakimshika kwapa. Safari hii aliyemwosha ni Melita, akapiga magoti, akauchukua mguu juu ya mapaja yake kama mtu anavyopakata mtoto. Maji ya beseni yakawa mekundu, wakayamwaga, wakaleta mengine, yakawa mekundu tena. Mirto akampa maji ya shayiri na mnanaa, akayanywa yote, taratibu. Divai aliikataa kwa kiganja.

Bakuli lilipokuwa tupu, dada yangu alikaa mkao wa mwenye nyumba, akauliza kama inavyotakiwa: "Sasa mama, umekula. Tuambie jina lako, na mji wako, na jambo gani linakutembesha."

"Demetra," akasema.

Alilisema kama mtu anayejitaja kwa mlinda lango wa kumi wa siku hiyo. Hakukuwa na radi. Hakurefuka. Ila nyumba nzima ilijaa harufu ya uwanja wa kupuria, makapi ya moto ya kiangazi, katikati ya baridi ile, na ng'ombe wetu kule zizini wakaanza kutafuna ingawa hori lilikuwa tupu.

Mirto alianguka kifudifudi. Deksio akaacha nira, akapiga magoti. Mimi nilibaki wima kwa sababu ukuta ulikuwa umenishika.

Melita hakuuachia mguu. Aligeuza kichwa tu.

"Mjomba. Ulisema unamjua."

Demetra akanitazama, akakunja uso, akijaribu kwa dhati kunikumbuka. Hilo silisahau. Alikuwa amechoka vile, miguu yake iko vile, na bado alijaribu asinivunjie heshima. "Tumewahi kuonana kabla ya ile jioni?"

"Hapana," nikasema.

"Nimefika Megara, nikapita hadi Korintho. Nimeuliza kila lango na kila mchungaji. Hakuna aliyeliona gari. Labda nilikuelewa vibaya, nilikuwa na haraka. Nieleze tena. Farasi walikuwa weupe?"

Alikuwa ananipa mlango wa kutokea, mwenyewe. Ningeweza kusema walikuwa weusi. Ningeweza kusema Salamina, ningeweza kusema Thebe, na angeinuka kwa miguu ile ile aende. Nililiona jambo hilo wazi kama ninavyouona mkono wangu. Midomo ilikuwa imeshaanza kuunda neno Thebe.

Melita alikuwa bado ananitazama.

"Sikuona farasi," nikasema.

"Gari?"

"Sikuona gari."

"Binti yangu?"

"Sikumwona, mama. Niliyabuni. Watu walikuwa wananisikiliza."

Nikafumba macho nikasubiri. Nimesimulia habari nyingi za watu walioadhibiwa na miungu, huyu kageuzwa mjusi, yule kageuzwa jiwe, na naona aibu kuandika kwamba sehemu fulani ya moyo wangu ilitamani angalau mjusi. Mjusi husimuliwa.

Nilichosikia ni sauti yake, ndogo sana.

"Basi hakucheka?"

"Hakucheka. Ni mimi."

Akajifunika uso kwa mikono. Mabega yakatikisika, nikadhani anakasirika, kumbe ni mtu anayetua mzigo. "Njia yote," alisema ndani ya viganja, "njia yote nilikuwa najiuliza nilimkosea nini, mwanangu, hata aniache anacheka. Sikuweza kukumbuka. Nilikuwa nasema, nikimpata nitamwuliza." Akavuta pumzi. "Asante."

Alinishukuru. Akawashukuru na wengine, akamgusa Melita utosi, akavaa viatu. Aliponipita mlangoni hakugeuka kunitazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na mtoto wa kutafuta.

Siku iliyofuata

Melita ananiita "wewe".

Siku ya theluji

Tumekula dengu za mwisho. Deksio aligawa. Fungu langu lilikuwa sawa sawa na la wengine. Nilimwambia, "Shemeji, nipunguzie." Akasema, "Kula." Bora angenipunguzia.

Siku nyingine ya theluji

Hakuna.

Siku nyingine

Hakuna. Tunachemsha mbegu za mwaloni. Zinakereketa ulimi. Mirto anasema ukizibadilishia maji mara nyingi zinalika, na anazibadilisha mara nyingi, na haziliki.

Siku upepo ulipotulia

Deksio alinituma kwa Hipaso kuchukua ncha ya plau. Nadhani alinituma makusudi nikutane na watu. Nilisimama nje muda, nikaingia.

"Haya, jamani, nyamazeni!" Hipaso alisema. "Shahidi amefika. Mpisheni karibu na moto, atuambie leo kamwona nani."

Wakacheka. Nilistahili, nikakaa.

Lakini habari haikuwa ya kuchekesha. Jua, ambalo huona kila kitu, limemwambia Demetra ukweli. Aliyemchukua binti ni Hade, mfalme wa wafu, na Zeu, baba wa binti, aliridhia. Ardhi ilipasuka, farasi wakatoka, wakamnyakua, wakarudi chini, ikafunga.

"Na mnajua wapi?" Hipaso alisema. "Hapa! Hapa kwetu, chini kwenye kijito, pale penye mtini-mwitu."

"Si ndipo Lamponi analala mchana akikimbia kazi?" mmoja akadakia.

"Ndipo hasa! Bwana we, jambo la kweli limetokea kitandani kwako, na wewe umekwenda kubuni la Megara!"

Kicheko kilikuwa kikubwa, hadi mvukuto ukasahauliwa na moto ukafifia.

"Siku ile nilikuwa Eleusi," nikasema.

Nikachukua ncha ya plau, nikaondoka.

Siku mbili tatu zimepita, sikuhesabu

Demetra amekaa hekaluni Eleusi, mlango umefungwa. Miungu inakuja mmoja mmoja kumbembeleza. Anawajibu wote neno moja: nileteeni mwanangu. Hadi hapo, halitaota hata jani.

Tumemzika bibi kizee wa jirani. Ardhi ilikuwa ngumu, Deksio alichimba na mimi nikachimba. Mgongo haukuuma. Haujawahi kuuma.

Siku upepo wa magharibi ulipoanza

Amerudi!

Zeu ameshindwa. Alimtuma Herme huko chini, na Herme amempandisha binti hadi mikononi mwa mama yake. Watu wa Eleusi wanasema wawili hao walikaa chini barabarani, wakashikana, hawakutaka kuinuka.

Ila lipo jambo. Mtu akila chakula cha wafu huwa ni mali yao. Msichana alikataa kula muda mrefu, anangoja mama yake. Mwishowe njaa na kukata tamaa vikamshinda, akala punje za komamanga. Kwa hiyo kila mwaka sehemu atakuwa juu na sehemu atarudi chini, na akiwa chini mama yake hataotesha kitu. Itakuwa hivyo daima.

"Alikula lini?" niliuliza. Nilikuwa nimesimama nyuma ya watu, pale kwa Hipaso.

Hipaso hakunitania. "Wanasema ni siku zile mama yake alipokuwa Megara."

Hakuna aliyenigeukia. Wote walitazama moto, na mimi nikautazama.

Siku mbayuwayu walipofika

Shayiri imetoka. Shamba zima, kama manyoya mafupi ya mtoto wa bata.

Melita alikuja mbio mlangoni, amekata majani machache, akaniwekea kiganjani. "Ona, mjomba."

Mjomba. Nikayakunja majani kiganjani nisiyaangushe.

"Tunateremka Eleusi," alisema. "Watapita barabarani, mama na binti yake, watu watawaona. Demetra ametuma neno, nyumba iliyomwosha miguu isimame mbele kabisa."

"Mwende salama."

"Amesema nyumba nzima."

"Hakunihesabu mimi."

"Mama yangu aliuliza. Mjumbe akasema, nyumba nzima, na yule mjomba." Melita akashika mkono wangu, kama siku ile ya kitunguu, ingawa hakuubusu. "Ulisema kweli mwishoni, ukimtazama usoni. Nilikuwepo. Si kila mtu angeweza. Njoo basi."

Nikamwambia atangulie, nitafuata.

Jioni ya siku hiyo hiyo

Sikufuata.

Wamepita barabara ya chini. Niliwasikia kutoka hapa: filimbi, na wasichana wa Eleusi wakiimba, na sauti moja inaitikia peke yake, nyembamba, inapanda juu ya zile nyingine. Sijawahi kuiona sura ya binti yule. Lakini sauti hiyo niliijua mara moja, nikaingia ndani, nikafunga mlango.

Melita anaamini nilisema kweli mwishoni. Nilisema sikumwona, na ni kweli, sikumwona. Hakuna aliyeniuliza kama nilisikia.

Siku ile ardhi ilipopasuka sikuwa Eleusi. Nilikuwa chini ya mtini-mwitu, ng'ambo ya kijito, nimelala chali. Ilikuwa siku ya kubeba zabibu kutoka mteremkoni na vikapu vilikuwa vizito. Nikasikia msichana anaita. "Njooni! Jamani, njooni!" Sauti ilikuwa karibu, hata mtoto angeirushia jiwe likafika. Nikadhani ni Melita, anatuita sote tukabebe. Nikavuta joho, nikajifunika kichwa, nikazuia hata pumzi ili asinipate, mpaka akaacha kuita.